Picha za Somo Kutopatana na Programu ya Kuhariria: Chanzo na Tiba

Kurekodi somo kwa picha na sauti, kisha kulitazama tena pamoja na mwanachuo aliyelifundisha, ni njia iliyokwisha kupata nafasi yake katika mafunzo ya ualimu tangu ilipoanza kujaribiwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwetu haikuwa rahisi kuifuata njia hiyo mapema. Kamera na mashine zake zilikuwa ghali, na Tanzania Bara yenyewe haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Leo mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za katikati ya jiji la Dar es Salaam ana simu mfukoni iwezayo kurekodi kipindi kizima. Akiingia Kariakoo, katika mitaa inayolizunguka soko lile lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, atapata kadi za kumbukumbu, miguu ya kusimamishia simu, maikrofoni za kubana kwenye kola, na mafundi wa video ambao kazi yao ya kila wiki ni kuhariri picha za harusi.

Kwa hiyo kurekodi si tatizo tena. Tatizo huanza pale picha zinapotiwa katika kompyuta ili zihaririwe. Mara programu hulikataa faili. Mara sauti husikika na kioo kikabaki cheusi. Mara picha hucheza kwa kusitasita kama gari lililoishiwa mafuta. Na mara nyingine kila kitu huonekana sawa, ila sauti imeachana na picha kidogo kidogo bila mtu kutambua. Hili la mwisho ndilo tunalolihofu kuliko yote, kwa sababu faili lililokataa kufunguka halimdhulumu mtu, hutuudhi tu. Picha iliyofunguka huku imepotoka huweza kumnyima mwanachuo alama zake.

Makala haya yanakusudia kueleza vyanzo vya matatizo hayo na namna ya kuyatatua. Tunawaandikia wakufunzi na wanachuo, wala si mafundi. Mafundi wengi wa Kariakoo wanayajua mengi kati ya haya kwa mikono yao. Wasilolijua ni kile tunachokitafuta sisi katika picha ya somo, nacho ni tofauti sana na kile anachokitafuta bwana harusi.

Sekunde mbili na nukta nne

Tuchukue tukio lililotokea katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi iliyo karibu na Kariakoo. Mwanachuo alikuwa akifundisha Sayansi darasa la tano. Somo lilirekodiwa kwa vyombo viwili: kamera ya mkononi iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ikimtazama mwalimu, na simu iliyowekwa pembeni mwa ubao, ikiwatazama wanafunzi. Sauti iliyotumika ilikuwa ya simu. Fundi aliziunganisha picha hizo mbili, akawa anaruka kutoka kwa mwalimu kwenda kwa wanafunzi, kazi ikapendeza.

Picha hiyo ilipotazamwa, mmoja wa watahini aliandika kwamba katika nusu ya pili ya somo mwanachuo aliuliza maswali na kumnyooshea mkono mwanafunzi kabla hata darasa halijapata nafasi ya kufikiri. Na kweli ndivyo ilivyoonekana: mkono wa mwalimu unanyooka, kisha picha inaruka, ndipo mikono ya wanafunzi inapoanza kuinuka. Mwanachuo akasema kwa upole, lakini bila kusita: "Mwalimu, mimi niliwasubiri."

Jambo hili si dogo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi, alionyesha katika maandishi yake ya miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri sekunde moja tu hivi baada ya kuuliza swali, na kwamba mwalimu akijizoeza kusubiri sekunde tatu, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitokeza kujibu huongezeka. Tunawafundisha wanachuo wetu jambo hilo. Ni haki basi tuwapime kwalo. Lakini kipimo cha sekunde moja hadi tatu kinahitaji picha isiyokosea hata kwa sekunde moja.

Tulifunika kioo cha kompyuta, tukasikiliza sauti ya simu peke yake, saa mkononi. Kati ya mwisho wa swali na jina la mwanafunzi palikuwa na sekunde mbili, mara nyingine tatu. Mwanachuo alikuwa amesubiri. Picha ndiyo iliyokuwa na haraka.

Chanzo kilikuwa hiki. Picha za video ni mfululizo wa picha tuli zinazopita upesi mbele ya jicho. Kila moja huitwa fremu, neno ambalo kwa mtu wa Kariakoo lina maana ya chumba cha duka, na tumepata kuona mazungumzo mazima yakipotea kwa sababu hiyo. Kamera ile ilirekodi fremu 29.97 kwa sekunde. Fundi, kwa kutaka hesabu iwe nyoofu, aliiagiza programu ihesabu picha hizo kuwa ni fremu 30 kwa sekunde. Tofauti ni ya moja katika elfu, na hakuna jicho liwezalo kuiona. Lakini kipindi ni cha dakika 40, yaani sekunde 2,400. Fremu 71,928 zilizorekodiwa kwa muda huo, zikichezwa kwa kasi ya 30, humalizika kwa sekunde 2,397.6. Picha ya mwalimu imefika mwisho sekunde 2.4 kabla ya sauti na kabla ya picha ya wanafunzi. Katika dakika ya 30 ilikuwa imetangulia kwa sekunde 1.8, na hizo ndizo zilizokuwa sekunde za kusubiri alizonyimwa. Maoni ya mtahini yalirekebishwa kabla fomu hazijapelekwa.

Tiba yake ni nyepesi mtu akishajua ugonjwa: programu iachiwe isome kasi halisi ya kila faili, wala isilazimishwe. Kasi ya mradi mzima huweza kuwa 25 au 30. Programu nzuri itaongeza au kupunguza fremu ili zilingane, lakini urefu wa muda utabaki vilevile. Kubadili kasi ya mradi ni jambo moja. Kuliambia faili kwamba kasi yake si ile iliyorekodiwa ni jambo jingine kabisa. Fundi na aulizwe ni lipi alilofanya.

Kwa nini kamera zetu hazikubaliani

Msomaji huenda akauliza namba ya ajabu kama 29.97 imetoka wapi. Zamani televisheni zilifuata kasi ya umeme wa nchi. Marekani, kwenye umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, ilitumia utaratibu uitwao NTSC, wenye fremu 30 kwa sekunde, na Japani nayo iliutumia. Wamarekani walipoingiza rangi mwaka 1953, kasi hiyo ikapunguzwa kwa moja katika elfu ili mawimbi ya rangi yasigongane na ya sauti. Sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika, zenye umeme wa mizunguko 50, zilitumia fremu 25. Zanzibar ilipoanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ilipofuata mwaka 1994, zote zilifuata utaratibu wa PAL wa fremu 25.

Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mtu angedhani kwamba ugomvi huo wa kale ulizimwa pamoja nayo. Sivyo. Namba hizo zimebaki ndani ya kamera. Kamera iliyotengenezwa kuuzwa Japani au Marekani, kisha ikafika kwetu ikiwa imetumika, aghalabu hurekodi 29.97 au 59.94. Iliyotengenezwa kuuzwa Ulaya hurekodi 25 au 50. Kamera nyingi za siku hizi zina mahali pa kuchagua kati ya PAL na NTSC ndani ya menyu, na dakika moja ya kuchagua kabla ya somo huokoa siku nzima ya kazi baadaye. Shauri letu ni kwamba chuo kishike fremu 25 kwa vyombo vyote, kwa sababu ya taa.

Taa za mirija madarasani, zile za zamani hasa, humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa mizunguko 50. Kamera inayorekodi fremu 30 kwa kasi ya kifunga-mwanga ya 1/60 haipatani na mwako huo, nayo picha hujaa vivuli vinavyopanda na kushuka ukutani. Hakuna programu iwezayo kuvifuta vizuri. Kifunga-mwanga kikiwekwa 1/50 au 1/100, vivuli hutoweka, hata kama kamera ni ya fremu 30. Mwalimu asiyejua hili hudhani faili limeharibika.

Simu ina ugonjwa wake peke yake. Kamera halisi hushika kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi hupunguza na kuongeza fremu kadiri mwanga unavyobadilika na kadiri simu yenyewe inavyopata joto. Ikiandikwa kuwa ni ya fremu 30, huenda imetoa 30 dirishani na 24 wingu linapopita. Kichezeshi cha kawaida hakisumbuliwi na jambo hilo, kwa kuwa kila fremu imeandikiwa saa yake. Lakini baadhi ya programu za kuhariria huhesabu fremu tu bila kusoma saa, na hapo sauti huachana na picha bila mpango: huachana hapa, hukaribiana pale. Huwezi kuirekebisha kwa kuisogeza sauti mara moja.

Dawa ni kuligeuza faili liwe la kasi thabiti kabla ya kulitia katika programu. HandBrake, ambayo haiuzwi, hufanya kazi hiyo. Mahali pa kuchagua kasi ya fremu, mtu achague 25 au 30, kisha aweke alama kwenye kasi thabiti badala ya kasi inayobadilika. Shotcut, programu nyingine ya bure, hulitambua faili la namna hii lenyewe na kumwuliza mtumiaji kama angependa ligeuzwe. Kazi ya kugeuza huchukua muda, na ni vema ifanywe usiku kucha kuliko asubuhi ya kutazama somo.

Gunia na kilichomo

Sasa tuje kwa faili linalokataa kufunguka. Hapa wanachuo wengi hukosea jambo moja: hudhani kwamba herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili, yaani mp4, mov au avi, ndizo zinazoeleza picha ilivyoandikwa. Herufi hizo ni alama ya gunia tu. Mwenye duka la jumla Kariakoo hanunui kwa kusoma maandishi ya gunia. Huchoma kwa bambo atazame nafaka iliyomo. Ndani ya gunia la mp4 huweza kuwamo picha zilizobanwa kwa namna kadhaa, na kila namna ya kubana huitwa kodeki. Programu isiyoijua kodeki iliyomo italipokea gunia, lakini haitaweza kuila nafaka.

Kwa hiyo kulibadilisha jina faili kutoka mov hadi mp4 hakusaidii lolote. Ni kufuta maandishi ya gunia na kuandika mengine. Kuna kazi mbili za kweli ziwezazo kufanywa, na inafaa kuzitofautisha. Ya kwanza ni kuhamisha, yaani kutoa nafaka katika gunia moja na kuitia katika jingine bila kuigusa. Ni kazi ya dakika chache, na picha haipotezi chochote. Ya pili ni kugeuza, yaani kuifungua picha yote na kuibana upya kwa kodeki nyingine. Hiyo ni kusaga. Unga haurudi kuwa mahindi, na kila mara picha inaposagwa hupoteza kidogo ubora wake. Somo lisisagwe zaidi ya mara moja kabla ya kuhaririwa, na mahindi yenyewe, yaani faili la asili, yasitupwe.

Bambo letu ni programu ndogo iitwayo MediaInfo, ambayo nayo ni ya bure. Ukiipa faili, hukueleza aina ya gunia, kodeki ya picha, kodeki ya sauti, ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na kama kasi hiyo ni thabiti au hubadilika. Kichezeshi cha VLC pia hutoa habari nyingi kati ya hizo. Tunawashauri wakufunzi wawafunze wanachuo kuisoma karatasi hiyo kama wasomavyo andalio la somo. Anayejua namba hizo kabla ya kufungua programu ya kuhariria amekwisha kumaliza nusu ya kazi.

Kodeki mbili ndizo zitakazokutana na mwalimu mara nyingi. H.264, ambayo utaratibu wake ulitolewa mwaka 2003, hupokewa karibu na kila programu. H.265, iitwayo pia HEVC, ya mwaka 2013, huweza kuitunza picha ya ubora uleule kwa karibu nusu ya nafasi. Na simu mpya za iPhone zilianza kuitumia mwaka 2017. Nafasi ikibanwa hivyo, kompyuta hulipa kwa jasho. Kompyuta za zamani zilizomo katika ofisi zetu hushindwa kuifungua, au huifungua kwa kusitasita, au hucheza sauti na kuacha kioo cheusi. Tiba ya haraka ni kuligeuza faili liwe H.264. Tiba iliyo bora zaidi hufanywa kabla ya somo: katika mipangilio ya kamera ya simu, iPhone na simu nyingi nyinginezo, pana mahali pa kuchagua mtindo unaopatana na vyombo vingi badala ya ule unaookoa nafasi. Achague huo.

Kwa nini kompyuta itoke jasho? Fikiri mwanafunzi anayenakili yaliyo ubaoni. Angeweza kuunakili ubao mzima kila dakika, lakini daftari lingejaa upesi. Mwerevu hunakili ubao mzima mara moja, kisha kila dakika huandika mabadiliko tu: neno hili limeongezwa, mchoro ule umefutwa. Ndivyo kodeki hizi zifanyavyo. Huandika fremu moja nzima, kisha zinazofuata huwa ni mabadiliko tu. Kucheza kutoka mwanzo hadi mwisho ni rahisi. Lakini mhariri hachezi hivyo. Hurukia katikati, hurudi nyuma, hukata hapa na pale. Kila akiruka, kompyuta hulazimika kuitafuta fremu nzima iliyo karibu, kisha kuyajumlisha mabadiliko yote hadi ifike alipo. Picha husita kwa sababu hiyo. Aghalabu faili ni zima, ila kompyuta inahesabu.

Programu nyingi za kuhariria, DaVinci Resolve na Shotcut zikiwamo, hutoa njia ya kutengeneza nakala nyepesi. Mhariri hukata na kupanga kwa kutumia nakala hizo ndogo, na mwisho wa kazi programu huzirudia picha za asili yenyewe. Kwa chuo chenye kompyuta dhaifu, hii ni njia bora kuliko kununua kompyuta mpya, nasi twaona ajabu kwamba haitumiwi zaidi.

Kipande kilichobaki kwenye kadi

Lipo tatizo jingine ambalo halina uhusiano na kodeki, nalo limekwisha kuwasumbua wanachuo kwa namna iliyo mbaya. Kadi za kumbukumbu za ukubwa wa kati hupangwa kwa utaratibu wa kale ambao hauruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4. Kamera inayorekodi megabiti 17 kwa sekunde hufikia kiasi hicho katika nusu saa na dakika mbili tatu. Hapo hulifunga faili la kwanza na kuanzisha la pili, bila kumwambia mtu yeyote.

Sasa tazama matokeo yake kwenye somo. Kipindi ni cha dakika 40. Faili la kwanza lina utangulizi, maarifa mapya, na kuimarisha maarifa. Tafakuri na hitimisho vimo katika faili la pili. Mwanachuo aliyenakili faili moja tu, lile kubwa, ataonekana mbele ya watahini kama mtu aliyefundisha bila kuhitimisha. Na akijieleza kwamba alihitimisha, ataonekana kama anayetafuta visingizio.

Kanuni ni moja: isinakiliwe faili moja moja, linakiliwe kabrasha zima la kadi kama lilivyo, pamoja na mafaili madogo yasiyoeleweka maana yake. Kamera za mtindo wa AVCHD, uliotolewa na Sony na Panasonic mwaka 2006, huweka katika mafaili hayo madogo habari za jinsi vipande vinavyoungana. Mtu akivivuta vipande peke yake na kuvipanga kwa mkono, mara nyingine hupotea sauti kidogo kwenye kiungo. Programu ikipewa kabrasha lote, huviunganisha yenyewe. (Kamera hizi huweza pia kurekodi nusu ya mistari ya picha kwa zamu, mkono wa mwalimu ukienda kwa kasi, kingo zake huonekana kama meno ya kitana. Programu nyingi zina mahali pa kuondoa meno hayo.)

Jihadharini pia na kadi bandia. Zipo sokoni kadi zilizoandikwa gigabaiti 128 zenye nafasi halisi ndogo mno. Kadi ya namna hiyo hukubali kuandikwa hadi mwisho, lakini yaliyozidi nafasi yake huwa hayapo tena, na faili halifunguki katika programu yoyote duniani. Wengi huilaumu programu. Kadi mpya ijazwe yote kwa mafaili ya kujaribia, kisha mafaili hayo yasomwe tena, kabla haijaaminiwa na somo la mtu.

Kwenda kwa fundi

Mara nyingi mwanachuo hatahariri mwenyewe, atampelekea fundi. Fundi wa video za harusi ni hodari wa kuipendezesha picha: ataongeza muziki, atapunguza mwendo, ataruka sehemu zilizopoa. Kwake kimya cha sekunde tatu ni kasoro ya kukatwa. Kwetu ndicho kiini cha somo. Basi mwanachuo asimwachie fundi kazi kwa mdomo tu. Ampe karatasi iliyoandikwa: kasi ya kila faili kama MediaInfo ilivyoieleza, kasi ya mradi unaotakiwa, kwamba pasikatwe kimya chochote, kwamba sauti ni ya chombo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba kazi itoke kwa H.264 ndani ya mp4. Fundi mwema hachukizwi na karatasi hiyo. Huifurahia, kwa kuwa humwepusha kuirudia kazi.

Mafaili yapelekwe kwa flashi au kadi. Yakitumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa tena na kupunguzwa ukubwa. Ikibidi kuyatuma kwa njia hiyo, yatumwe kama waraka, nayo yatafika kama yalivyo. Vilevile tukumbuke kwamba sura zilizomo ni za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu hata tukiwa tumesimama kwenye fremu ya duka. Wazazi na shule watoe ridhaa kabla ya kurekodi, na fundi afute mafaili kazi ikiisha, mwanachuo akiwa anaona.

Ili ulinganifu wa sauti na picha uweze kupimwa na mtu yeyote, hata asiye na programu ya kuhariria, yatosha kupiga kofi mbele ya vyombo vyote viwili mwanzoni mwa kipindi, na kofi jingine mwishoni. Makofi yote mawili yakilingana na mikono inayogongana, picha ni ya kuaminika. Likilingana la kwanza na la pili likachelewa au kutangulia, kasi imekosewa, na kiasi cha kuchelewa hueleza kosa lilivyo: sekunde 2.4 katika dakika 40 ni alama ya 29.97 na 30. Katika madarasa yetu makofi hayakosekani. Mwanafunzi akijibu vizuri hupigiwa na darasa zima, na makofi hayo hutupa vituo vya kupimia katikati ya somo bila kuwakatiza wanafunzi.

Siku moja kabla ya somo, mwanachuo arekodi dakika mbili katika darasa lilelile, saa ileile, taa zikiwa zimewashwa na kelele za mabasi ya mwendokasi zikisikika kama zitakavyosikika kesho yake. Dakika hizo azinakili, azisome kwa MediaInfo, azitie katika programu itakayotumika, na azitoe hadi mwisho. Zikipita njia yote salama, kipindi cha dakika 40 na kirekodiwe. Zisipopita, bado ana alasiri nzima ya kutafuta chanzo kabla mtahini hajafika.